Shangazi, mke wangu anakuja Nairobi siku tatu, sitaki kuharibu tena

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, nafanya kazi duka la vipuri Kirinyaga Road na naishi South B na ndugu zangu wawili, mke wangu yuko Mombasa na watoto. Tulioana 2020 wakati wa corona, fungate hatukwenda. Mwezi wa nane watoto watabaki na bibi yao na yeye anakuja, anafika Alhamisi anarudi Jumapili. Mara ya mwisho nilimpeleka hoteli moja ya choma na marafiki zangu watatu, hakula, alikunywa soda tu akasema kichwa kinamuuma. Saa hii nina listi ya mahali kumi na moja, Karura, mbuga, twiga, ndovu, Ngong, mpaka Naivasha. Nipange vipi zitoshee?* Baba Wawili, South B

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na kila nikisoma macho yananirudi kwa ile soda. Mimi ni mtoto wa Majengo Pumwani, nimeolewa, nimekaa meza kama hizo, na nakwambia kichwa hakikuwa kinauma, alikuwa na njaa. Pengine aliona koleo moja inageuza mbuzi na nguruwe, pengine aliona chupa meza ya jirani, na marafiki zako watatu wamekaa pale wanamngoja aonje, hakutaka kukuaibisha mbele yao, akachagua soda manake soda inakuja na kifuniko chake.

Kwa hivyo hiyo listi iweke kando kwanza tuongee chakula. Wiki moja kabla hajafika, nenda wewe peke yako kwa hizo hoteli unazotaka kumpeleka, uliza cheti cha halali kiko wapi, usiridhike na weita kukwambia "hapa ni halali boss", uliza jikoni kunapikwa nyama gani ingine, mafuta ya kukaangia ni yale yale ama tofauti, kama kuna baa ndani. Hujui ni mzigo aje kwa mwanamke kusimama na buibui lake akiuliza hii ina nini, na ile ina nini, na weita amekunja uso anataka kwenda. Ukishauliza wewe, yeye akifika ni kukaa na kula tu. Islii hutakosa, bariis, ule wali wa Kisomali, na mbuzi na ndizi pembeni, na chai ya maziwa baadaye, na kama anataka vitu vya kihindi Diamond Plaza pale Parklands iko. Na marafiki zako wasalimie kwa simu, hii safari hawamo.

Kulala pia, tafadhali usimlaze kwa hiyo nyumba ya ndugu zako, hata kama wana heshima zao. Mtu ametoka Mombasa aje kukuona halafu avae mtandio kwenda chooni? Tafuta nyumba ya kukodi ya siku tatu South C ama Parklands, mahali adhana inasikika na chini hakuna klabu ya kupiga muziki mpaka saa tisa usiku. Uliza kama chooni kuna bomba ya mkono ya kujisafishia, kama hakuna beba kopo. Mswala uwe ushautandika, kibla huku Nairobi ni kaskazini, unaelekea mashariki kidogo tu. Na nunua blanketi ya pili, Agosti huku ni baridi na mawingu, mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari na yeye amezoea feni.

Sasa matembezi. Mwanangu, kata hiyo listi. Mahali pamoja kwa siku, basi. Najua unaona ni kidogo na umelipa nauli na umeomba ruhusa kazini, lakini ukiunganisha twiga na ndovu na Ngong siku moja mtakachokumbuka ni jamu ya Lang'ata Road na wewe ukiangalia saa. Wale ndovu yatima kwanza ni saa moja tu, saa tano mpaka saa sita, na lazima ubuku mapema, Ngong upepo wake unampeperusha mtu mwenye buibui kama tanga la jahazi, na Naivasha kwenda na kurudi ni karibu kilomita 180. Zote ni nzuri, ataziona akija tena.

Alhamisi akifika usimpeleke popote. Ijumaa iwe Karura, asubuhi, muingie upande wa Limuru Road mteremke mpaka kwa maporomoko na yale mapango ya Mau Mau, polepole, bila kuhesabu kilomita. Mwambie huo msitu wa karibu hekta 1,000 ungekuwa nyumba za matajiri kama si Wangari Maathai na wenzake waliopigwa pale getini 1999 wakitaka kupanda miti. Tafuta njia isiyo na watu mshindane mbio, ndio, mbio, Mtume s.a.w. alishindana na Bi Aisha, sembuse wewe na raba zako. Maji ya kutawadha na ya kunywa beba kwa chupa ya chuma, hizo za plastiki za kutumia mara moja zilikatazwa msituni na mbugani tangu 2020. Saa tano mtoke, mrudi muoge, sababu ni Ijumaa na hutaki kukimbia. Nendeni Jamia pamoja, ule msikiti ulianza kujengwa 1925 ukaisha 1933 na mtu wa pwani atafurahi kuuona, mkubaliane mapema mtakutana wapi baada ya swala usije ukamwacha amesimama Banda Street na pochi mkononi.

Jumamosi ndiyo nzuri kushinda zote. Nyinyi si mnaamka alfajiri? Swalini, mjaze thamosi chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi za jana kwa chombo, na saa kumi na mbili muwe mko kwa geti ya Nairobi National Park, kutoka South C si mbali. Hiyo saa simba bado wanatembea, vifaru wako nje, na mkiangalia nyuma mnaona maghorofa ya mjini juu ya nyasi. Ndovu wa porini hamtaona, mbuga ni kilomita 117 za mraba tu na wao hawaishi hapo. Kodi gari na dereva mzee anayejua njia, wewe ukae kiti cha nyuma na mke wako, si mbele ukiongea siasa. Chakula mkile pale pembe za ndovu zilipochomwa, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, kuna mahali pa kukaa. Saa sita mko nje, mnalala mchana, jioni hakuna kitu, kaeni.

Hiyo jioni tupu naomba usiijaze. Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, pesa hatukuwa nayo, alinipeleka Arboretum na kikapu, tukakaa chini ya mti ambao mpaka leo sijui jina lake, akanimenyea chungwa akatoa hata zile nyuzi nyeupe akawa ananipa kipande kimoja kimoja bila kusema kitu. Tonge unalomtilia mke wako mdomoni lina thawabu, hiyo umeisikia msikitini, na simu haiwezi kuwa mkono ule ule.

Muulize pia. Kwa barua yote hujaniambia yeye anataka nini, mpigie leo usiku watoto wakilala, mwambie nimefikiria hivi na hivi, wewe waonaje, na akisema twiga basi toa Karura uweke twiga. Tiketi ya treni mkatie sasa hivi, likizo ya Agosti zinaisha, mkatie ile ya asubuhi. Na wewe ufike Syokimau kabla yake, na sweta yake mkononi na kitu cha kula ambacho hatahitaji kukuuliza kimetoka wapi.

Ukimaliza niandikie uniambie alikula nini.

Shangazi yako