Usiachie kiti kabla hujashika kingine mkononi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba ndege yako ya Ijumaa kutoka Minneapolis imeuzwa kupita viti vyake, shirika limekutumia ujumbe kwamba ukijitolea kubaki unapewa vocha ya dola 400 (hati ya kulipia safari nyingine ya shirika hilo hilo, si fedha taslimu), na unauliza ukubali au upandishe bei, na mabegi yako yatakuwaje. Usibonyeze chochote. Mimi nilikubali.

Nilikuwa naenda Tanga, harusi ya mdogo wangu wa mwisho. Nilikata tiketi mbili mbalimbali ili niokoe hela: moja hadi Washington, nyingine Washington hadi Dar kupitia Addis Ababa. Getini wakatangaza dola 400, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa sababu binamu yangu alishanijaza maneno: "Hela ya bure hiyo, wanakupandisha inayofuata." Binamu mwenyewe hajawahi kuachia kiti hata siku moja! Na yule dada wa getini akaniambia kwa mdomo wake, "Utaondoka na ya saa kumi." Hakusema kwamba kwenye hiyo ya saa kumi nimewekwa kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi. Ikajaa. Ya usiku nayo ikajaa. Nikalala uwanjani, na ndege ya Addis ikaondoka Washington bila mimi.

Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, shirika la pili halikutaka hata kusikia habari za lile la kwanza. Hukutokea, basi safari yote imefutwa, mpaka ya kurudi. Nikatoa dola 1,380 nyingine. Nimefika Tanga maturubai yanafunguliwa, mama ananitazama tu, hasemi neno. Nayo vocha ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwaka ule sikuwa na senti ya kusafiri tena. Ikafa.

Sheria za Marekani nilizisoma baadaye, nikaumia upya. Anayejitolea hana kiwango kilichowekwa, ni mapatano yake na shirika, na ukishakubali umeiacha fidia ya mtu anayezuiwa kupanda bila ridhaa yake. Huyo, kwa safari ya ndani, akicheleweshwa kufika kwa zaidi ya saa 2, anadai mara 4 ya nauli ya kwenda, hadi dola 2,150 tangu Januari 2025, na anaweza kukataa vocha akadai fedha. Ndiyo maana bei ya wanaojitolea huanzia chini. Aprili 2017, kabla abiria mmoja aliyekataa kuachia kiti hajaburutwa kutoka ndege ya shirika la United pale uwanja wa O'Hare, Chicago, ofa ilikuwa imeishia dola 800. Wiki chache baadaye kampuni ikatangaza kwamba inaweza kufika hadi 10,000. Kwa hiyo hiyo 400 yako ni salamu tu.

Lakini hata wakikupa elfu mbili, sikiliza hili: akuchapie kwanza boding pasi ya ndege nyingine yenye namba ya kiti. 12C, 31F, yoyote, ila namba iwepo. Akikwambia "utapewa kiti kule getini", panda ndege yako uondoke. Naandika hivi mikono inatetemeka, kwa sababu ni neno lile lile nililoambiwa mimi.

Na hujasema: safari yako yote iko kwenye tiketi moja, au umekata mbili kama mimi? Nijibu kabla hujaugusa ujumbe wao.