Barua kwa mwanangu: kura za 2024 zilifanya kazi gani?

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote tu wazima. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umesema wenzako wa kazini huko Mombasa wanabishana kama kuna haja ya kujiandikisha kwa uchaguzi wa 2027, na mmoja wao akakutolea mfano wa 2024: nchi zaidi ya 60 zilipiga kura mwaka mmoja, watawala wakaanguka huku na kule, ilhali sisi mwaka huohuo mambo yetu yaliamuliwa barabarani. Ukaniuliza, "Mama, kura ilifanya kazi gani hasa mwaka ule?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ujumbe wa simu.

Kwanza, ukisikia mtu anasema "wananchi walimkataa fulani", mwombe hesabu. Chukua Uingereza, tarehe 4 Julai. Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura, kikaondoka na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats walipata asilimia 12.2, pungufu ya Reform, lakini viti vyao ni 72. Hapo hakuna aliyeiba. Kule kila jimbo lina kiti kimoja, anayeongoza anakibeba hata kama ameshinda kwa kura moja, na kura za wengine wote zinaishia palepale jimboni. Reform walitawanyika nchi nzima, wakawa wa pili au wa tatu mahali pengi. Liberal Democrats walijua majimbo yao, hasa kusini mwa England, wakajazana huko. Wabunge wetu 290 wa maeneobunge wanachaguliwa kwa kanuni hiyohiyo, kwa hiyo usiione kuwa habari ya Wazungu.

Sasa ilinganishe na Afrika Kusini, tarehe 29 Mei. Chama tawala, ANC, kilipata asilimia 40.18, nyingi kuliko za Labour kule London, lakini hawakuweza kuunda serikali peke yao. Viti vyao vilikuwa 159 kati ya 400, ambavyo ni karibu asilimia 40 kamili, kwa sababu kule viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura. Walihitaji 201. Tangu 1994 hawakuwahi kushuka chini ya nusu. Na katiba yao haiwapi muda wa kuzungushana: bunge jipya lazima likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe. Matokeo yalitangazwa tarehe 2 Juni, na tarehe 14 Juni Rais Ramaphosa akachaguliwa tena na bunge, safari hii kwa kura za wapinzani wake wa miaka mingi, DA, waliokuwa na viti 87. Kuna watu wanaosema uwiano huleta vurugu ya kutafuta washirika. Mimi naona siku zile kumi na mbili zilikuwa na faida, maana chama kilichozoea kuamuru kililazimika kuketi na kuomba.

Botswana nayo isome kwa makini, kwa sababu huko ndiko watu wengi walikosea kuelewa. Chama cha BDP kilikuwa kimetawala tangu uhuru mwaka 1966. Oktoba 2024 kilibaki na viti 4 kati ya 61. Ukisikia hivyo unadhani kimefutika miongoni mwa watu, kumbe bado kilikuwa na karibu asilimia 30 ya kura. Kanuni ya kiti kimoja kwa jimbo iliyokibeba miaka yote ndiyo iliyokiangusha siku kilipoteremka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili katika majimbo mengi kwa mkupuo. India ni vivyo hivyo: BJP, chama cha Waziri Mkuu Modi, ilitoka asilimia 37.4 mwaka 2019 hadi 36.6, haikupungua hata asilimia moja, lakini viti vikaporomoka kutoka 303 hadi 240, na wingi wa bunge lao ni 272. Sababu kubwa ni kwamba safari hii vyama vya upinzani vilikubaliana kusimamisha mgombea mmoja katika majimbo mengi, badala ya kugawana kura na kumwachia BJP apite katikati.

Ufaransa sitakaa sana. Wao wana duru mbili, na kati ya duru hizo wagombea zaidi ya 200 walijiondoa ili kura zisigawanyike. Chama cha Le Pen, cha mrengo mkali wa kulia, kilichoongoza duru ya kwanza kikamaliza cha tatu kwa viti. Kilichofuata ni bunge lisilo na mwenye wingi, na tarehe 4 Desemba waziri mkuu Barnier akaangushwa kwa kura 331.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo inayonikaa moyoni: siku ya kura ni moja, lakini miaka kati ya kura na kura ni mingi, na katika miaka hiyo kila kitu kinategemea kama kuna chombo kinachoweza kumwambia mkubwa "hapana" na akasikia.

Angalia Senegal. Uchaguzi ulikuwa uwe tarehe 25 Februari. Tarehe 3 Februari, wiki tatu tu kabla, Rais Macky Sall akatangaza kuuahirisha; siku mbili baadaye bunge likausogeza hadi tarehe 15 Desemba, ilhali muhula wake ulikuwa unaisha tarehe 2 Aprili. Watu wakatoka barabarani, na wengine wakafa. Lakini kilichokata shauri ni Baraza la Katiba, lenye wajumbe saba, ambalo tarehe 15 Februari lilifuta sheria ile ya bunge na amri ya rais pia. Rais akatii. Tarehe 14 Machi mgombea wa upinzani, Bassirou Diomaye Faye, akatolewa gerezani, siku kumi baadaye watu wakapiga kura, akashinda duru ya kwanza kwa asilimia 54.28, na tarehe 2 Aprili akaapishwa akiwa na miaka 44. Fikiria, mwanangu: hata siku moja ya ziada Sall hakuongezewa. Barabara ilipiga kelele, mahakama ikaandika, debe likamaliza. Vyote vitatu vilihitajika.

Korea Kusini ilikuwa usiku mmoja. Tarehe 3 Desemba, karibu saa nne na nusu usiku, Rais Yoon alijitokeza kwenye televisheni akatangaza sheria ya kijeshi. Katiba yao inasema bunge likipiga kura kwa wingi wa wabunge wote kutaka sheria hiyo iondolewe, rais lazima aiondoe. Wabunge ni 300, kwa hiyo walihitaji 151 waliomo ukumbini, kimwili, kabla wanajeshi hawajaingia. Polisi walikuwa wamefunga malango. Spika wao, mzee wa miaka 67, aliruka ukuta. Wafanyakazi wa bunge wakaziba milango kwa meza na viti, wakawapulizia askari dawa ya kuzimia moto. Kufikia saa saba usiku wabunge 190 walikuwa ndani, na wote 190 wakapiga kura ya kuiondoa, wakiwemo wa chama cha rais mwenyewe. Alfajiri Yoon akarudi nyuma. Kumng'oa kulikuwa hesabu nyingine, 200: tarehe 7 Desemba walishindwa kwa sababu wa chama chake walitoka ukumbini, na tarehe 14 wakapata 204.

Pale ambapo chombo hicho hakipo, kura inabaki karatasi. Bangladesh walipiga kura tarehe 7 Januari, chama kikuu cha upinzani kikasusia, waziri mkuu Sheikh Hasina akashinda kama alivyotaka. Miezi saba baadaye, tarehe 5 Agosti, alikimbilia India, baada ya wanafunzi kuandamana kuhusu nafasi za kazi serikalini na mamia ya watu kuuawa. Ushindi wa Januari haukumsaidia kitu Agosti, kwa kuwa haukuwa umempima.

Sasa Juni yetu ya 2024, ya maandamano ya Mswada wa Fedha. Wenzako wanasema iliamuliwa barabarani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Anzia kwenye deni. Serikali ilikuwa na Eurobond, yaani mkopo kutoka masoko ya nje, ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014 kwa riba ya asilimia 6.875, ya kulipwa tarehe 24 Juni 2024. Februari ikakopa dola bilioni 1.5 mpya kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya lile la zamani. Shilingi iliyokuwa imefika karibu 160 kwa dola ikapata nafuu hadi karibu 130, watu wakashangilia, lakini deni lilikuwa limebadilishwa nguo tu, tena kwa bei ya juu. Hapo ndipo Mswada wa Fedha ulipokuja kutafuta shilingi bilioni 346 zaidi, ukiwa na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka.

Tarehe 18 Juni, siku ya maandamano ya kwanza, mkate na gari vikaondolewa. Mswada uliposomwa mara ya pili tarehe 20, wabunge 204 walisema ndiyo na 115 hapana. Tarehe 25, mara ya tatu, ndiyo 195 na hapana 106. Alasiri hiyohiyo waandamanaji wakaingia bungeni. Watoto wa watu, wa rika lako na wadogo kwako, walipigwa risasi wakafa katikati ya jiji. Hilo sitaki upite juu yake haraka unapobishana na wenzako.

Kesho yake Rais akasema hatatia saini. Kifungu cha 115 cha Katiba kinampa siku 14: ama atie saini, ama aurudishe bungeni na maelezo ya anachopinga. Ukirudishwa, bunge linaweza kumshinda kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Wote ni 349, kwa hiyo theluthi mbili ni 233. Waliosema ndiyo walikuwa 195. Kwa hiyo hata kama wangetaka kukaza, hesabu ya tarehe 25 isingewatosha. Na wale 195 hawakushuka kutoka mbinguni. Waliingia kupitia vituo vya kura mwaka 2022, mmoja mmoja, wengine kwa kura chache mno katika maeneobunge ambako vijana wengi hawakujitokeza. Majina yao, ya ndiyo na ya hapana, yako kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge.

Kwa hiyo jibu langu: nenda ujiandikishe, na ujiandikishe mahali utakapokuwa siku ya kura. Unahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti, na watachukua alama za vidole. Ikiwa jina lako bado liko huku Nairobi na Agosti 2027 utakuwa kazini Mombasa, omba kuhamisha kituo mapema, kwa sababu uandikishaji hufungwa kabla ya uchaguzi na hutaruhusiwa kupiga kura kwenye kituo ambacho jina lako halipo.

Umesema pia kuna chama kimekuomba uwe wakala kituoni. Kubali. Kazi inaanza pale wengine wanapokwenda kulala. Msumbiji tume ilitangaza mwezi Oktoba kwamba Chapo, mgombea urais wa chama tawala, alipata asilimia 70.67; Desemba Baraza la Katiba likasema 65.17. Asilimia tano na nusu ziliyeyuka hivyo, na waangalizi wa Umoja wa Ulaya walikuwa wameandika kwamba matokeo yalibadilishwa vituoni na wilayani bila sababu. Kwetu dawa ya ugonjwa huo ni Fomu 34A, kwa kuwa matokeo ya rais yaliyoandikwa kituoni ndiyo ya mwisho, tangu Mahakama ya Rufaa iamue hivyo Juni 2017.

Kituo hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo hesabu yake mtu anaiweza kwa kalamu. Kura halali jumlisha zilizokataliwa lazima zilingane na karatasi zilizotoka debeni. Kama halali ni 612 na zilizokataliwa 5, debe lilikuwa na 617. Ikiwa waliojiandikisha ni 590, simama hapo, usitie saini, andika sababu yako kwenye fomu. Ujue kukataa kwako kutia saini peke yake hakubatilishi matokeo, ndiyo maana sababu lazima iandikwe. Hakikisha tarakimu na maneno vinasema kitu kimoja, jina la msimamizi lipo, saini ipo, muhuri upo. Dai nakala yako. Nyingine hubandikwa mlangoni pa kituo. Ipige picha kabla haijafikiwa na mvua au mikono ya watu, kona zote nne zionekane, kisha uilinganishe na ile itakayowekwa mtandaoni. Zikitofautiana, kumbuka siku ni chache: kesi ya kura ya rais hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu matokeo yatangazwe, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua.

Beba pia chakula na maji, na betri ya ziada ya simu. Kura za karatasi sita huhesabiwa hadi usiku wa manane, na mawakala wengi huondoka kwa njaa kabla ya fomu kujazwa.

Ukishaipata ile orodha ya Juni 2024, niandikie mbunge wa eneo unakokaa alikuwa upande gani.

Ni mimi mama yako,
anayekupenda.