Jibu: Binti yangu na kiapo cha bendera shuleni

Salama mkuu. Unauliza kama shule ya Houston, Texas, inaweza kumlazimisha binti yako kusema "chini ya Mungu" kwenye kiapo cha bendera (maneno ya utii kwa Marekani ambayo wanafunzi husema pamoja), wakati nyumbani kwenu hamfuati dini. Kwanza hakikisha ni shule ya umma. Za binafsi ni habari nyingine. Ya umma haiwezi: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1943, kesi ya Barnette, kwamba mwanafunzi halazimishwi kusema kiapo hicho. (Walioshtaki walikuwa Mashahidi wa Yehova, watu wa dini haswa! Maneno "chini ya Mungu" yenyewe yaliongezwa baadaye, 1954.) Sheria ya Texas inataka mzazi aiombe shule kwa maandishi mtoto asiseme kiapo. Mimi niliandika mistari michache tu, bila kujieleza imani, na mwalimu akaipokea. Mtoto anakaa kimya, basi. Maswali ya wenzake ndiyo yalitusumbua zaidi, kwa hiyo mwandae mapema.