Fundi Anajibu: Umeme wa Trekta Dogo la Kukatia Nyasi

Mvua za vuli zikishika Mwanza nyasi huota kwa kasi, na mashine zilizolala ghalani tangu kiangazi hutakiwa kufanya kazi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana barua nyingi za toleo hili zinahusu umeme wa yale matrekta madogo ya kukalia. Karibu kila aliyeandika alikuwa ameshauriwa kununua kifaa kipya kabla ya mtu yeyote kupima chochote, na jambo hilo linanisikitisha, kwa sababu multimita ya kawaida, ile wanayotumia mafundi wa redio, ingetosha kuonyesha tatizo liko wapi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtunza mazingira wa shule ya sekondari huku Bwiru. Tunalo trekta dogo la kukatia nyasi, la silinda moja, tulilolinunua likiwa limetumika. Nikizungusha ufunguo nasikia mlio mmoja wa "tak" chini ya kiti, kisha kimya. Taa zinawaka vizuri. Fundi mmoja wa magari ametuambia stata imekufa tununue nyingine, lakini mwalimu anayesimamia manunuzi anasita, maana betri yenyewe tumeibadilisha juzi tu. Tufanye nini kabla hatujatoa fedha za shule?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako ana haki ya kusita, kwa kuwa dalili uliyoieleza inaweza kutokana na mambo matano tofauti, na stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, ni moja tu kati ya hayo.

Huo mlio wa "tak" unatupa taarifa kubwa. Unatoka kwenye solenoidi, yaani swichi nene inayoendeshwa na sumaku, na ili sumaku hiyo ivute ni lazima umeme uwe umepita kwenye fyuzi, kwenye ufunguo, na kwenye swichi za usalama za pedali ya breki na za visu. Kwa hiyo sehemu hizo zote ziache kwanza. Kinachobaki ni njia nene ya umeme: betri, nyaya zake mbili, miguu mikubwa ya solenoidi, stata yenyewe, na njia ya kurudi kwenye betri kupitia bodi ya injini. Taa kuwaka kusikudanganye. Taa hutumia ampea chache tu, wakati stata inapoanza kuzungusha injini inaweza kuhitaji zaidi ya ampea 100, na muunganisho wenye kutu unaopitisha ampea chache bila shida hushindwa kabisa kupitisha nyingi.

Anza na betri, hata kama ni mpya. Iache ipumzike saa kadhaa baada ya kuchajiwa, kisha pima. Ikisoma volti 12.6 au zaidi imejaa. Ikisoma kama 12.2 imebaki nusu. Na ikiwa imechajiwa usiku kucha lakini inang'ang'ania 10.5, basi chumba kimoja kimekufa, kwa sababu ndani yake mna vyumba sita na kila kimoja hutoa volti 2.1 hivi. Betri ya namna hiyo irudishwe dukani. Ikiwa ni nzima, mwombe mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukiendelea kusoma mita. Volti zikishuka chini ya 9 au hapo karibu, ama betri haina nguvu ya kubeba mzigo, ama kuna kitu kimekwama upande wa stata na injini. Zikibaki 12 na ushei, ujue kwamba umeme hautumiki kabisa. Umezuiwa mahali fulani njiani, na kazi yako sasa ni kupatafuta mahali hapo.

Kupatafuta ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, penye risasi yenyewe wala si kwenye kishikio cha waya, na ncha ya pili uibonyeze kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako azungushe ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Katika mashine zinazokaa karibu na ziwa hapa ndipo ninapokuta tatizo mara nyingi: vichwa vya betri vinang'aa kwa sababu kila mtu huvisafisha, lakini ule mwisho wa pili wa waya wa hasi, uliofungwa kwa boliti kwenye fremu, una rangi na kutu chini ya nati, na nyuzi za shaba zimegeuka unga wa kijani ndani ya plastiki. Fungua boliti, piga msasa hadi chuma kiwe cheupe, kaza upya, kisha paka grisi kwa juu. Ukifungua nyaya za betri, anza daima na hasi, na ukirudisha, hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa fremu kwa bahati mbaya isitoe cheche.

Upande wa kurudi ukiwa safi, hamia kwenye solenoidi. Pima kati ya miguu yake miwili minene ufunguo ukiwa umezungushwa. Solenoidi nzima ikishavuta, hapo husomeka karibu sifuri. Ukisikia "tak" na bado mita inaonyesha volti 12, vibao vya shaba vya ndani vimeungua, na dawa ni solenoidi nyingine, ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya stata. Kabla ya kwenda dukani hesabu miguu yake. Ya miguu minne ina miwili minene na miwili membamba, na mara nyingi mmoja wa ile membamba hupokea umeme wa ufunguo na mwingine hurudi kwenye bodi. Ya miguu mitatu hupata hasi kupitia boliti zinazoishikilia. Ukifunga ya miguu mitatu mahali pa ile ya minne, waya mmoja utabaki unaning'inia, na kama mtengenezaji alipitishia swichi ya usalama kwenye waya huo, umeiondoa bila kujua.

Stata inahukumiwa mwisho: volti 12 zikifika kwenye nati yake na isizunguke, hapo fundi wa magari alikuwa sahihi, na mara nyingi ni burashi za kaboni zilizokwisha.

Nakuomba usome na hili, kwa kuwa mashine yako ni ya silinda moja. Kama wakati mwingine stata huzungusha nusu mzunguko kisha ikakwama kwa kishindo, chomoa plagi ya cheche ujaribu tena, ukiwa umeweka waya wa plagi mbali na tundu lake. Ikizunguka kwa wepesi, na betri na nyaya umeshazithibitisha, tatizo linaweza kuwa nafasi ya vali iliyopanuka. Injini nyingi za aina hii zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, na kifaa hicho hufanya kazi tu vali zikiwa zimerekebishwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Nimeona betri na stata zikibadilishwa kwa kosa la vali, na inauma, kwa sababu marekebisho yenyewe ni ya spana na fila geji tu, yaani vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi.

SWALI: Ndugu fundi, salaam. Ninasimamia bustani za hoteli iliyo kando ya ziwa huko Luchelele. Mashine yetu huwaka vizuri Jumatatu baada ya betri kuchajiwa, na hukata nyasi siku nzima bila kuzima. Ikifika Alhamisi stata haizungushi tena. Hii ni betri ya pili ndani ya mwaka, na muuzaji anasema tunazitesa. Kama chaji haiingii, mbona injini haizimi?

JIBU: Injini haizimi kwa sababu haihitaji betri ili kutoa cheche. Kwenye gurudumu zito la injini, flaiwili, kuna sumaku inayopita mbele ya koili na kuzalisha cheche yenyewe. Sumaku nyingine zilizo ndani ya flaiwili hiyo huzunguka juu ya nyaya za shaba zinazoitwa steta, na hizo ndizo huchaji betri kupitia kifaa kidogo chenye mapezi ya alumini kinachogeuza na kudhibiti umeme, yaani regyuleta. Hii ni mifumo miwili iliyotengana, kwa hiyo mmoja unaweza kufa na mwingine ukaendelea na kazi. (Mashine zenye vali ya umeme chini ya kabureta zina tofauti: betri ikiisha kabisa, vali hiyo hufunga petroli na injini huzima.)

Washa mashine, peleka mafuta mpaka mwisho, upime kwenye vichwa vya betri. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, chaji inaingia na tutafute kwingine. Ukiona 12.4 ambayo inazidi kushuka, zima injini uangalie fyuzi ya chaji, kisha regyuleta. Wengi hawajui kwamba regyuleta nyingi hupata hasi kupitia mwili wake, kwa boliti zile zile zinazoishika kwenye injini. Boliti zikiota kutu au fundi akipaka rangi nyuma yake, haichaji hata ikiwa nzima. Isafishe hapo kwanza, na uondoe pia ile tabaka ya wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji, maana wakigandamana kwenye mapezi na kwenye wavu wa flaiwili hewa ya kupoza haipiti.

Kama bado, chomoa soketi ya steta, weka mita kwenye volti za umeme geu (AC), washa injini kwa kasi kamili, ambayo kwa nyingi ni mizunguko kama 3,600 kwa dakika, upime kati ya nyaya mbili za steta. Katika mifumo mingi ya ampea 16 utasoma volti 28 au zaidi. Zikiwepo, regyuleta ndiyo mbovu. Zisipokuwepo, ni steta. Usijaribu ile njia ya kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma ili "kuona kama inachaji", kwa sababu volti hupanda ghafla na kuua regyuleta iliyokuwa nzima.

Kuhusu kuzitesa betri, muuzaji anaweza kuwa na hoja. Betri ya mashine hii ni ndogo, ya ampea-saa 20 hadi 30 hivi, na ampea 2 au 3 kwa usiku mmoja zinaitosha. Ikipelekwa gereji na kuunganishwa kwenye chaja kubwa ya betri za malori, huchemka na vibao vyake kuharibika, hata kama jioni itarudi ikiwa na nguvu za kuonekana.

SWALI: Hujambo fundi? Ninaishi Capri Point, na uwanja wetu una mteremko na mawe kama unavyojua. Gurudumu likiruka juu ya jiwe, injini hukohoa au kuzima kabisa. Kijana anayetukatia nyasi anasema ataunganisha nyaya mbili za chini ya kiti, yaishe. Nimruhusu?

JIBU: Sijambo. Tafadhali usimruhusu. Swichi iliyo chini ya kiti imewekwa ili dereva akianguka visu visiendelee kuzunguka, na mteremko wenye mawe ndiyo mahali ambapo mtu huanguka. Tena katika baadhi ya mashine kuunganisha nyaya hizo hupeleka koili ya cheche moja kwa moja kwenye bodi, na injini haitawaka kamwe.

Zima injini, toa ufunguo, inua kiti. Angalia kama soketi imelegea, kama springi ya kiti imechoka, na kama waya umesuguliwa na fremu. Chomoa swichi, weka mita kwenye alama ya mlio, ubonyeze na kuachia polepole. Mlio unaokatika-katika wakati kidole kimetulia unaonyesha swichi imekwisha, na ni kifaa cha bei ndogo. Mtazame pia kijana anavyokaa. Kwenye mteremko mtu huegemea upande wa juu, kiti kinainuka kidogo, na swichi inazima injini kama ilivyoagizwa. Vitabu vingi vya mashine hizi vinakataza mteremko unaozidi nyuzi 15. Sehemu iliyo kali zaidi ya hapo ikatwe kwa fyekeo au kwa mashine ya kuning'iniza begani.

SWALI: Fundi, niko Nansio, Ukerewe. Kila nikivuta swichi ya kuwasha visu, fyuzi inaungua. Nimeweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili nimalize kazi. Tatizo ni nini?

JIBU: Toa hiyo karatasi leo. Isipoungua yenyewe, itakayoungua ni mikanda ya nyaya iliyo karibu na tangi la petroli.

Visu vyako vinaunganishwa na klachi ya umeme iliyo chini ya injini. Chomoa soketi yake upime ukinzani wa koili: nyingi husoma kati ya omu 2 na 4, maana yake hutumia ampea 3 hadi 6. Ukisoma chini sana ya 2, koili imeungua ndani na inavuta umeme kupita kiasi. Kama kipimo ni sawa, rudisha fyuzi yenye ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kishikio, acha soketi ya klachi ikiwa imechomolewa, vuta swichi ya visu. Ikiungua tena, kosa liko kwenye waya kati ya swichi na klachi. Ufuate waya huo kwa mkono na tochi, hasa unapopinda karibu na kapi ya mkanda na mahali mashine inapolala usiku, maana panya wa ghalani hupenda plastiki hiyo. Palipoliwa, kata, unga shaba kwa kulehemu kwa risasi, funika kwa mpira unaojibana kwa joto, na uufunge waya mbali na kapi kwa kibano cha plastiki.