Maswali yenu wiki hii: kina mama Waaborijini na sheria za familia

*Nafanya kazi na kina mama Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, hapa Darwin kaskazini mwa nchi. Vipeperushi vya sheria vipo vya bure kibao, mbona hawavisomi?*

Dada yangu, we mwenyewe umewahi kukisoma mpaka mwisho? Kiingereza cha mawakili kile. Huko kaskazini wapo wengi ambao Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, nyumbani wanaongea Kikrioli (lugha ya huko iliyotokana na Kiingereza) au lugha ya ukoo, halafu wakili anauliza "umeelewa?" mama anajibu ndiyo, basi faili linafungwa. Mwanaisimu Diana Eades kaandika sana kuhusu hiyo "ndiyo" ya mahakamani, si kukubali, ni kutaka mambo yaishe. Ni kama bibi zetu tu, daktari anaambiwa "sawa mwanangu", wakifika nje mlangoni wanakuuliza kasemaje yule. Na kuna hofu, tena hofu ya haki kabisa, serikali ilichukua watoto wao vizazi na vizazi, ripoti ya 1997, Bringing Them Home, imeeleza yote, sasa mama aliyepigwa atapigaje simu wakati anajua nyuma ya polisi wanakuja watu wa ustawi wa jamii kuchukua watoto? Karatasi haitoi hofu hiyo. Ndo maana mi nasifia Djirra kule Melbourne na Wirringa Baiya Sydney, mashirika ya msaada wa sheria kwa wanawake Waaborijini, unaongea na wanawake wanaojua ulikotoka.

*Mama mdogo anaweza kwenda mahakamani kuomba mtoto?*

Anaweza, na bibi pia. Sheria ya Familia ya 1975 kifungu cha 61F inamtaka jaji aangalie wajibu wa ukoo na malezi ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, na tangu Mei 2024 hata maana ya "ndugu" imepanuliwa. Kwao dada wa mama ni mama, kama kwetu, ila ilibidi iandikwe ndo mahakama ielewe.

*Talaka inachukua muda gani?*

Mtengane miezi 12 kwanza. Jamani, hili swali kila wiki! Hamuulizi la maana, muda wa kudai mgawo wa mali mahakamani: mwaka mmoja tu baada ya talaka, na mlioishi bila ndoa miaka 2 toka mwachane. Ukilala imekula kwako.

*Nina amri ya kumzuia mume, watoto si ndo wangu tayari?*

Hapana!! Hiyo ni ya jimbo, watoto ni mahakama ya familia, zikigongana ya familia ndo inashinda. Nenda na karatasi zote mbili kwa wakili, usifiche hata moja.

*Mkalimani akiwa ndugu wa mteja si ndo vizuri zaidi?*

Inategemea ndugu gani. Koo nyingi mtu na mkwe wake hawaongei kabisa, hata kutazamana mwiko, ukiwaweka chumba kimoja mama atakaa kimya saa nzima na wewe utaandika "hana la kusema". Uliza kwanza wanaitanaje.