Meli ya kitalii Dubai kwa viza ya kuingia mara moja? Dada, simama hapo hapo

Dada uliyeuliza ubebe nini kwenye meli, achana kwanza na viatu vya chakula cha usiku. Umeuliza nguo, dawa ya kutapika, intaneti, bakshishi, halafu katikati umepenyeza kamstari kamoja: "viza wakala keshanipatia, siku 30, kuingia mara moja." Nilipofika hapo chai ilinipalia.

Ratiba umeiweka mwenyewe: Dubai, Abu Dhabi, Maskati, kisha Dubai tena. Hesabu kwa vidole. Ukishuka kwenye ndege unaingia Falme za Kiarabu: moja. Meli ikienda Maskati umeshatoka, uko Omani. Ikirudi Dubai unaingia upya: mbili. Viza yako ina moja. Hiyo ya pili utaingia kwa jina la nani?

Mimi hesabu hii nilifundishwa Januari 2023, gatini Dubai, mbele za watu. Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Mabegi makubwa tulishawapa wapagazi, yamefungwa lebo za namba ya chumba. Mke wangu alikuwa na kofia pana ya kununua Kariakoo, keshapiga picha mbili na meli nyuma yake. Binti wa kaunta akapokea pasi, akachukua karatasi ya viza, akapitisha kalamu chini ya maneno mawili pale juu, akainua macho. Hakupandisha sauti. Akamwita mkubwa wake, naye akaweka kidole palepale ilipopita kalamu. Tukaambiwa tukae pembeni. Baada ya saa mbili tukaletewa mabegi yetu, lebo zikiwa bado zinaning'inia.

Pesa? Hairudi. Kwenye masharti ya tiketi imeandikwa kwamba hati za safari ni jukumu la abiria. Imeandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, lakini imeandikwa. Shilingi 3,400,000 za chumba cha ndani kisicho na dirisha, na dirisha lenyewe tulilipata bure hotelini Deira, mtaa wa Dubai, linatazama ukuta.

Sasa huyo wakala wangu. Ofisi ina kiyoyozi, bango la meli ukuta mzima, na kiti kinachozunguka. Nilimuuliza kabisa: bosi, hii mara moja inatosha? Akacheka. "Mzee, meli ni kama hoteli. Unalala humo humo, hutoki." Hoteli gani hiyo inayokwenda Omani ikarudi? Nilipompigia kutoka gatini, mara ya kwanza simu inatumika, mara ya pili "ngoja niulize", mara ya tatu kanitumia vikatuni vya mikono imeunganishwa kuomba. Viza ya kuingia mara nyingi ipo, inaombwa kama hiyo nyingine, bei tu ndiyo imepanda. Yeye aliona apunguze hapo ili jumla yake ionekane ndogo kuliko ya jirani.

Nikapata akili ya haraka: turuke Maskati, tukaidakie meli huko. Mke wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu kaunta, akauliza, "Na kurudi Dubai utaingiaje?" Nikakaa. Ndege yetu ya kurudi Dar ilikuwa inaondokea Dubai.

Kwa hiyo dada, kabla ya kulipa salio la meli, shika viza ya kuingia mara nyingi mkononi. Usikubali kuambiwa "inashughulikiwa". Isome mwenyewe, neno kwa neno. Na anayekupa moyo kwamba Ulaya ni tofauti, mpuuze: meli ikitoka Barcelona ikagusa Tunis na kurudi, umetoka Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na unaingia upya, hesabu ni ile ile.

Haya, maswali yako. Kutapika: kama uliwahi kupanda boti ya Unguja kusi likivuma na hukuomba mfuko, hiyo meli utaiona sebule. Dawa zako weka kwenye begi la mkononi, maana begi kubwa huletwa chumbani baadaye. Ila zenye kodeini au tramadol usizibebe kienyeji, kule zinadhibitiwa. Simu iweke hali ya ndegeni, mtandao wa baharini unakula salio bila huruma. Muulize wakala pia gati lenyewe ni lipi: Dubai kuna Port Rashid na kuna Dubai Harbour, na teksi haitakuuliza ni lipi. Nguo sijui, sikufika kwenye hicho chakula cha usiku.

Shangazi yangu anaishi Mutrah, kule Maskati. Siku ile meli ilipotia nanga kule alikuwa ameshapika, kanitumia sauti tatu: ya kwanza anauliza nimevaa shati la rangi gani, ya tatu anauliza kama nimepotea njia. Haluwa aliyoninunulia ilinifikia Dar mwezi wa tatu, imeletwa na mtu aliyekuja msibani. Ilikuwa imekauka pembeni. Tuliila hivyo hivyo.