Stesheni ya mwisho wa reli

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema wenzako kazini wanakutania, "Kigoma, mwisho wa reli," nawe ukaniuliza kwa nini Wajerumani walijenga stesheni kubwa vile mahali ambapo treni haina tena pa kwenda.

Wao hawakupaona kuwa ni mwisho, baba. Reli ya Kati waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha hapa Februari 1914, kilomita 1,250 hivi. Kwa sehemu kubwa waliifuata njia ya misafara, ile iliyokuwa ikiishia Ujiji. Ila ufukoni Ujiji maji ni mafupi, na meli kubwa zilihitaji kina cha ghuba yetu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na mali ya Kongo ndiyo waliyoitolea macho. Jengo lile lilikuwa mlango.

Hata Liemba, ile meli yetu ya ziwani, ilikuja kwa treni! Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye makasha 5,000 hivi. Hapa Kigoma ikaunganishwa upya, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mashine zake wakazipaka girisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza tena safari 1927. Na Wabelgiji waliokuwa wakitawala Kongo walipewa eneo lao la bandari hapa na Dar es Salaam mwaka 1921, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Nani angehangaikia mahali pasipo na njia ya mbele?

Mimi jengo lile nalijua kwa mgongo. Nilipokuwa mdogo nilimsubiri babu yako chini ya yale matao meupe, treni ikichelewa mpaka jua la saa nane. Nje mchanga unachoma nyayo. Ukiegemea ukuta, unene wake unakupa ubaridi wa mtungi. Mbele yangu madumu ya mawese na viroba vya dagaa vinangoja behewa, na harufu yake inaingia nguoni.

Ukija likizo, usikimbilie bodaboda. Shuka, pita chini ya matao, kisha tembea mpaka bandarini. Ni karibu, utafika kabla begi halijakuchosha.

Mama yako